Tawi Mlangoni Gatwekera

Kuku alikuwa motoni tangu ibada ilipoisha, na harufu yake ilishapita mabati na kwenda kuwasalimia majirani. Nanyama aliketi ukingoni mwa kitanda, nyuma ya pazia la maua lililogawa chumba chao mara mbili, kitabu kikiwa wazi mapajani. Hakuwa amegeuza ukurasa tangu aketi. Macho yalikuwa kwenye maneno, lakini moyo ulishatoka zamani, umevuka Ngong Road, umefika Kawangware na kusimama penye lango moja la kijani, ukimsubiri mtu amalize kufunga kamba za viatu.

Ndivyo alivyokuwa siku hizi, kuota macho wazi. Angemenya kitunguu ajikute anatabasamu huku machozi yanamtoka. Angeitwa mara tatu kabla ya kusikia.

"Nanyama," Annet, mama yake, aliita kutoka upande wa pili wa pazia. "Toka kwa hicho kitabu. Ugali hausongwi na waandishi."

"Nakuja, mama."

"Hiyo nakuja imeanza asubuhi."

Alikuwa na sababu ya kuota. Mwaka juzi, akiwa mwanafunzi mpya wa chuo kikuu, alianza kufundisha Kiingereza jioni katika kanisa moja Kawangware, darasa la watu wazima waliotaka kurudia mtihani. Msichana mmoja, Wanja, alikuwa akisindikizwa na kaka yake. Kaka huyo, Kinyanjui, aliketi benchi la nyuma kabisa, mikono imekunjwa, akisema amekuja tu kumrudisha dada nyumbani giza lisimkute njiani. Wanja akafanya mtihani, akapita, akaacha kuja. Kaka akaendelea kuja.

"Wanja alimaliza," Nanyama alimwambia siku moja akifuta ubao. "Wewe unafuata nini?"

"Nafuata kusikia," Kinyanjui alijibu. "Ile sauti yako ya kusoma hadithi, ticha. Nikiisikia naona kama mtu amefungua dirisha."

Tangu jioni hiyo alimsomea. Riwaya za mtaala wake, zile zilizoandikwa kwa Kiingereza na watu ambao nchi zao ziliwahi kutawaliwa na Waingereza, alizisoma kwa sauti juu ya paa la jengo la mama yake Kinyanjui, katikati ya shuka zilizoanikwa. Upepo ulizijaza shuka hizo kama watu wanaovuta pumzi. Alisoma aya moja, akaigeuza kwa Kiswahili, naye Kinyanjui akamtazama mdomo hata maneno yalipokuwa yamekwisha.

Kisha chuo kikamchagua. Mwaka mzima wa masomo Uskoti, ada imelipiwa, halafu arudi kumalizia digrii yake hapa nyumbani. Viza ilishatoka. Ndege ilikuwa wiki inayofuata. Na leo, kwa mara ya kwanza, mama yake Kinyanjui alikuwa akija kwao Gatwekera, Kibera. "Mathe anakuja tu kuwasalimia," Kinyanjui alisema kwa simu, na sauti yake ilikuwa na kitu kilichojificha ambacho Nanyama hakukijua.

Alikuwa ameshika mwiko aliposikia kilio.

Ni Jentrix, jirani yao anayekaanga omena kwenye kona ya kichochoro. Alikuwa amesimama, mikono kichwani. "Uwi, mayi wee. Nani ametuacha? Nani huyo?"

Kichochoroni walikuwa wakija watu watatu. Mbele alikuwa mzee mrefu aliyevaa koti jeusi na kofia, anaruka mtaro kwa uangalifu, na mkononi ameinua tawi la majani mabichi ili lisiguse maji machafu. Nyuma yake mama mnene mwenye kitambaa cheusi kichwani. Nyuma kabisa Kinyanjui, shati jeupe, uso umeinama. Walitembea polepole na hakuna aliyecheka.

Sasa kwa watu wa magharibi, na Gatwekera upande huo ni kama Kimilili iliyohamishwa na kubanwa, watu wazima wenye nguo nyeusi wakija mlangoni na tawi bichi huja na habari moja tu. Akina mama wakatoka. Mmoja alishafungua leso kiunoni na kuanza kuimba wimbo wa msiba. Annet akaacha sufuria. "Ni kukhu," alisema, akimaanisha nyanya yake Nanyama. "Nilijua. Jana kwa simu alikohoa sana."

Baba yake Nanyama, Khaemba, fundi wa mawe ambaye Jumapili ndiyo siku yake pekee ya kulala mchana, alitoka akiwa amefunga vifungo nusu. Jirani mmoja alikuwa ameshamkumbatia mgeni mwenye kitambaa cheusi. "Jikaze, mama. Jikaze tu. Mungu ndiye anajua."

"Nijikaze kwa nini?" mgeni aliuliza akijaribu kujitoa. "Ni nini imefanyika hapa?"

"Si nyinyi ndio mtuambie?"

"Tuambie nini? Sisi tumetoka Kawangware kuona msichana."

Wimbo wa msiba ukakatika. Nanyama, mlangoni, aliinua macho, na juu ya vichwa vyote vile macho ya Kinyanjui yalikuwa yakimngoja. Aliona mdomo wake unatetemeka kwa kicheko anachokizuia. Akauma wake pia. Kwa muda mfupi hapakuwa na mtaro wala majirani. Walikuwa wawili tu, wanacheka bila sauti, kama wako juu ya lile paa na upepo umejaa shuka.

*

Ndani, kicheko kilikwisha upesi. Wageni walikaa kwenye kochi, tawi limebaki nje limeegemezwa ukutani, kwa sababu Khaemba alikuwa amesema halivuki kizingiti chake. Nanyama alirudi nyuma ya pazia, akaacha upenyo mdogo wa kutazamia.

Mzee mwenye kofia alijitambulisha kuwa Gerishon, ndugu wa marehemu baba yake Kinyanjui. Mama wa kitambaa cheusi alikuwa Wacera, mama yake Kinyanjui, mjane aliyejenga jengo la lango la kijani juu ya shamba la mama mkwe wake.

"Baba Nanyama," Gerishon alisema, "kwetu mtu akipita akaona shamba zuri, na hajawa tayari kulima, huchomeka tawi hapo. Wengine wakipita wanajua pana mwenyewe. Ndiyo tunaita kuhanda ithigi. Hatujaleta mahari leo. Tumeleta tawi tu, lingoje pamoja na sisi hadi binti arudi."

Khaemba alisugua magoti yake. "Mzee, nimekusikia. Na wewe unisikie. Kwetu hilo tawi hubebwa mbele ya watu wakimlilia mtu. Mtoto wangu anapanda ndege wiki ijayo. Unataka nimuage na tawi la matanga?"

"Ni majani tu."

"Kwako ni majani. Umesikia Jentrix amelia aje. Huyo hakuigiza."

"Na sisi tutarudi nyumbani na majani yetu tumeyakunja hivi?" Wacera aliongea kwa mara ya kwanza. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Nikueleze ukweli, baba Nanyama. Sina neno na msichana. Lakini anaenda mbali, anaenda na masomo mengi, na huko kuna wanaume wenye masomo kama yake. Kijana wangu hajafika chuo. Tawi likikataliwa leo, nitajua limekataliwa. Kuna Wangoi, binti ya jirani yetu, msichana mtulivu. Sitakaa mwaka mzima nikimwona mtoto wangu akitazama simu."

"Maitu," Kinyanjui alimwambia mama yake. "Tafadhali."

"Acha niseme. Kama si mimi, nani?"

Annet alikohoa. "Kwani aliyeitiwa hayo maneno si yuko hapo nyuma ya pazia? Nanyama, toka. Najua umesimama hapo, miguu yako naiona."

Nanyama alitoka. Akasalimia kila mtu kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo mbele ya Wacera kama alivyofunzwa. Alitaka kusema ndiyo kwa sababu ya mtu aliyeketi mwisho wa kochi, na alitaka kusema hapana kwa sababu ya neno lile shamba, ambalo lilikuwa limemchoma mahali asipoweza kupaonyesha.

"Mama, naomba tuongee kwanza na Kinyanjui," alisema. "Kidogo tu, hapo nje."

Wacera alimwangalia kuanzia viatu hadi nywele. "Endeni. Na mkitoka, mtoe hilo tawi mlangoni, watu wasije wakaanza kuchangia matanga."

*

Walipanda hadi kwenye reli, Kinyanjui akiwa amelishika tawi kama mtoto wa mtu. Kila hatua walikutana na mtu wa magharibi, na kila mtu alipunguza mwendo.

"Pole sana, ndugu," mzee mmoja alisema na kuvua kofia.

"Asante," Kinyanjui akajibu, hana la kufanya.

Mbele kidogo mama mmoja akamgusa bega. "Alikuwa wenu wa karibu?"

"Wa karibu sana," alisema, akimtazama Nanyama.

Nanyama alicheka hadi akalazimika kushika mkono wake asiteleze. Waliketi juu ya jiwe kando ya reli. Chini yao mabati ya Kibera yalitandazwa hadi ukungu ulipoyafunika, mengine mekundu kwa kutu, mengine yaking'aa, na moshi wa chakula cha Jumapili ulipanda bila haraka. Jua lilikuwa limelainika. Alihisi kwamba kama wangekaa kimya hivyo, bila kusema lolote, dunia ingesahau kuwahamisha.

Lakini alisema. "Mama yako anataka kuniwekea bikoni ya mpaka kama ploti."

"Usiseme hivyo."

"Niseme aje? Kuna kitu tulisoma mwaka wa pili, Kinyash. Watu walifika kwa nchi ya wengine na bendera, wakaichomeka, wakaandika hii ni yetu. Na wenyewe walikuwa wamesimama hapo hapo, wanawatazama. Hakuna aliyewauliza. Nikasoma hiyo kitu, nikaandika insha, nikapewa alama nzuri. Leo nimesimama nyuma ya pazia nasikia naitwa shamba."

"Kwa hivyo mathe ni mkoloni?"

"Sijasema hivyo."

"Umezunguka lakini umefika hapo." Alitabasamu, kisha tabasamu likaanguka. Aliokota kokoto, akaligeuza vidoleni. "Halafu, ticha, si mathe. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Hilo tawi. Mathe hakutaka kuja. Alisema msichana akisoma namna hiyo aachwe aende zake. Mimi ndiye nilimwomba. Nilimwomba mwezi mzima. Anko pia ni mimi nilimpigia."

Nanyama aliondoa mkono wake. Upepo ulipita katikati yao kwa mara ya kwanza tangu waketi.

"Na hukuniuliza."

"Niliogopa utasema hapana."

"Kwa hivyo ukaona heri nisemewe na wazee."

Kinyanjui alitupa kokoto relini. Nanyama alitazama mbali, kule bwawa la Nairobi linakojificha nyuma ya mtaa wa Silanga, na macho yakajaa. Aliudhika naye. Aliudhika zaidi kwamba hata sasa bega lake lilikuwa linatafuta bega la Kinyanjui, kama mmea unaotafuta jua bila kuambiwa.

"Nikuambie kitu?" Kinyanjui alisema polepole. "Ukinisomea pale juu, kuna wakati unatoka. Macho yako yanaenda. Uko hapo, nakuona, shuka zinakupiga kwa mgongo, lakini wewe uko kwa hicho kitabu, sijui ni India, sijui ni wapi. Nikikuita, unarudi, lakini macho yanachelewa kidogo kufika. Mimi hukaa nikiyangoja. Napenda hata hiyo kungoja, usidhani nalalamika. Lakini wiki ijayo unaenda na mwili pia. Nikasema, sasa nitaita nani arudi?"

Nanyama alimgeukia. Hakuna mhadhiri aliyewahi kumweleza vile anavyosoma. Alikuwa anadhani hakuna aliyeona.

"Unaogopa," alisema.

"Sana. Nikisema siogopi ni uongo."

"Mimi pia naogopa. Naogopa baridi. Naogopa nitafungua mdomo darasani na watu wanicheke. Naogopa Wangoi."

"Wangoi gani? Huyo anapenda askari wa benki."

"Bado naogopa." Akajifuta macho kwa kiganja. "Lakini sitaki kuachwa hapa kama shamba wakati mimi ndiye ninayeondoka. Shamba haliendi popote, Kinyash. Mimi naenda."

Alisikia maneno yake mwenyewe yakitua, na kitu kikafunguka ndani yake kwa upole, kama mtu anayeamka bila kushtuliwa. Akalitazama lile tawi. Majani yake yalikuwa yameanza kunyong'onyea. Kwenye shina palikuwa na utomvu pale lilipokatwa.

"Ni la mti gani?"

"Wa ua letu. Ule ukikatwa ukichomekwa, unaota tu."

"Na kwenu, msichana anaweza kumpandia mwanamume tawi?"

Kinyanjui alifikiri. "Sijawahi kusikia."

"Anayebaki ni nani?"

"Ni mimi."

"Wasichana wanaopita mlangoni kwenu kila siku, wakuone uko peke yako kwa lango, ni wangapi?"

"Ticha." Alikuwa ameshaelewa. Rangi ilimpanda usoni, akaangalia chini kama siku zile za benchi la nyuma. "Mathe atakubali?"

"Wewe je, unakubali? Mimi nakuuliza kwanza. Nataka nikuulize kabla ya wazee."

Alipangusa mikono yake kwenye suruali. Kisha Kinyanjui akalishika tawi kwa mikono yote miwili, akamkabidhi.

"Nipandie," alisema.

*

Waliporudi kuku alikuwa mezani na hakuna aliyekuwa amemgusa. Nanyama alichukua birika la maji na beseni, akapiga magoti mbele ya Wacera kumnawisha. Mikono ya mama huyo ilikuwa migumu, na pete ya marehemu mume wake ilikuwa imezama kwenye kidole.

"Mama," Nanyama alisema akimimina maji, "baba yangu amesema tawi haliingii kwake, na mimi siwezi kumvunjia heshima. Lakini sitaki mrudi nalo limekunjwa. Naomba unikubalie nije nalo Kawangware, nilipande mlangoni kwako. Ni Kinyanjui anayebaki. Wasichana wa huko wakipita, wajue pana mwenyewe."

Gerishon alivua kofia aliyokuwa amekataa kuivua tangu aingie. "Haijafanyika hiyo. Kwa ukoo wetu, kwa ukoo wa mtu yeyote."

"Basi sisi hatukatazwi," Khaemba akasema, na sauti yake ikaanza kutikisika kwa kicheko. "Kwetu hakuna mwiko wa kupanda mti kwa mtu mwingine. Annet, si ni kweli?"

"Tena ni adabu," Annet alijibu, akimwekea Gerishon paja la kuku. "Kula, shemeji. Usishindane na njaa."

Wacera hakucheka. Aliacha maji yamtiririke vidoleni hadi beseni likaanza kujaa. Akamtazama mwanawe aliyesimama mlangoni, uso wazi, bila kitu cha kuficha, na Nanyama akaona macho ya mama huyo yakilainika na kukaza tena, kama mtu anayefunga na kufungua ngumi.

"Na likikauka?" aliuliza.

"Nitakuomba ulimwagilie maji, mama. Nitakuwa nakupigia kila Jumapili kukuuliza."

"Unipigie mimi? Si yeye?"

"Wewe kwanza. Yeye ataninyang'anya simu baadaye."

Wacera alikung'uta mikono, akachukua taulo. "Nimesikia," alisema. "Tuleni kwanza. Kuku wa watu anapoa."

*

Walifika Kawangware jua likiwa bado juu ya majengo, rangi ya asali kila mahali. Khaemba na Annet walikuja nao, na Jentrix pia, kwa sababu alisema aliyelia ana haki ya kuona mwisho wake. Kando ya lango la kijani palikuwa na kipande cha udongo mwekundu ambacho hakijawahi kumwagiwa saruji. Wacera alitoa jembe yeye mwenyewe, lakini Nanyama alichimba kwa mikono, akitaka kuhisi. Udongo ulikuwa na joto la mchana.

Wacera alichutama mbele yake kwa shida, akashika shina lisimame wima. Waliinama wote wawili, vichwa karibu kugusana, wakishindilia udongo kutoka pande mbili. Nyuma yao Kinyanjui alikuwa ameegemea lango, na Nanyama hakuhitaji kugeuka ili ajue anamtazama vipi. Alihisi mtazamo ule shingoni, polepole, kama jua lile lile.

"Nilimwambia akuache uende zako," Wacera alisema kwa sauti ambayo wengine hawakuweza kuisikia. Alikuwa bado ametazama udongo. "Amekuambia?"

"Ameniambia, mama."

"Nilikuwa na sababu. Nilishawahi kungoja mume mimi, akarudi ndani ya jeneza. Kungoja ni kazi." Akapapasa udongo mara nyingine, pale palipokuwa pameshashindiliwa vya kutosha. "Huko unakoenda, soma. Soma kabisa, usikae ukilia kwa simu ukatuaibisha."

"Ndiyo, mama."

"Halafu rudi."

Nanyama alitaka kuahidi kwa maneno mazuri. Alikuwa na mengi, ya lugha mbili, akayaacha. Akafunika mkono wa Wacera kwa wake, udongo juu ya udongo, wakabaki hivyo mpaka Kinyanjui alipokuja na jagi la maji akachutama katikati yao.